Nyangwe: tuanze na wale mama wa soko

Wengi wetu tulisomeshwa historia ya utumwa kwa maneno machache: Waarabu walikuja kuchukua watu, kisha Wazungu wakaja kutuokoa. Leo watafiti wanaisimulia kwa njia nyingine. Wanaanza na wale walioumizwa.

Twende Nyangwe, kando ya mto Lualaba, jimboni Maniema. Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko. Watu wengi, hasa wanawake, walileta samaki, chumvi, kuku na vyungu. Wanaume wenye bunduki, watu wa mfanyabiashara Dugumbe, wakaanza kuwafyatulia risasi. Waliokimbilia mtoni, wengi walizama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria vifo kuwa kati ya 330 na 400.

Mskoti David Livingstone alikuwepo. Karatasi zilimwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa matunda ya porini. Maandishi yakafifia. Mwaka 2011, watafiti waliyasoma tena kwa msaada wa picha za mwanga maalum, wakakuta yanatofautiana na kitabu kilichochapishwa mwaka 1874. Kumbe hata ushahidi tuliozoea unapaswa kuchunguzwa.

Na wokovu je? Serikali ya mfalme Leopold II ilipigana na Waarabu na Waswahili kuanzia 1892 hadi 1894, ikisema inakomesha utumwa. Ngongo Lutete, aliyekuwa akimkamatia Tippu Tip watu, alihamia upande wa serikali hiyo. Mwaka 1893, serikali hiyohiyo ikampiga risasi. Na wanavijiji? Walilazimishwa kubeba mizigo na kutafuta mpira porini.

Kwa nini tunayasema haya leo? Kwa sababu kambini na mitaani bado tunasikia: « Ninyi wajukuu wa watumwa », « ninyi mlituuza ». Maneno hayo yanawasha moto. Lakini njia za misafara zilichanganya watu. Katika familia moja anaweza kupatikana babu aliyekamata watu na bibi aliyekamatwa. Hata Kiswahili hiki tunachoongea kilifika kwetu kupitia njia hizo.

Wewe uliyekimbia kijiji chako unajua uchungu wa kuhesabiwa tu, bila kuulizwa jina. Wale mama wa Nyangwe nao walibaki hesabu. Basi jioni hii, waulize wazee: katika ukoo wetu nani alichukuliwa, nani alirudi? Andika majina yao. Mtoto asikie kwanza jina la bibi yake, ndipo asikie la Tippu Tip.