Mustafa Naima, mwandishi wa historia aliyetetea amani

Leo tunamkumbuka karani mmoja wa utawala wa Waturuki wa Ottoman.

Mustafa Naima alizaliwa mwaka wa 1655 mjini Aleppo, Siria, mtoto wa kamanda wa askari. Akiwa kijana alikwenda Istanbul, akapata kazi katika jumba la sultani, akasoma hadi akawa karani. Baadaye waziri mkuu Amcazade Hüseyin Pasha alimpa kazi ya kuandika historia ya dola.

Wakati huo nchi ilikuwa imechoka. Vita vilivyoanza Vienna mwaka wa 1683 vilidumu miaka 16. Vilimalizika kwa mkataba wa Karlowitz, Januari 1699. Sehemu kubwa ya Hungaria ikaenda kwa Austria, na Morea, kusini mwa Ugiriki, ikabaki kwa Venice. Je, kutia sahihi namna hiyo ni aibu?

Naima alijibu katika utangulizi wa kitabu chake. Alikumbusha mkataba wa Hudaybiyya wa mwaka wa 628, ambapo Mtume Muhammad alikubali masharti magumu ili vita visimame. Akafuata pia mafundisho ya Ibn Khaldun, kwamba dola huzaliwa, hukua na kuzeeka kama mtu. Dola iliyochoka inahitaji amani ili itengeneze hazina na jeshi lake.

Ni kweli, aliyempa kazi ndiye waziri wa mkataba huo, kwa hiyo tumsome kwa uangalifu. Lakini Naima alijiwekea masharti: mwanahistoria aseme kweli, aulize wanaojua, asibebe uvumi wa mitaani, na atumie lugha inayoeleweka. Hata mauaji ya Sultani Osman wa Pili, aliyeuawa na askari wake mwenyewe mwaka wa 1622, yamo kitabuni mwake.

Naima alifariki mwaka wa 1716 huko Patras, katika Morea ileile iliyoachwa kwa mkataba na kurudishwa kwa vita mwaka mmoja kabla. Kitabu chake kilichapwa Istanbul mwaka wa 1734.

Sisi tuliokimbia vita tunajua: uvumi mmoja unaweza kuhamisha kijiji kizima usiku. Kabla ya kupeleka habari mbele, tuulize kwanza: nani aliona?