Sauti ya Mbali na Redio Ndogo

Katika vijiji vyetu vya bonde la Ruzizi, redio ndogo ya mkononi imekuwa kama mgeni aliyezoeleka. Hukaa dirishani, husafiri shambani ndani ya kikapu, na jioni watu huizunguka kama wanavyozunguka moto. Walakini mara nyingi twasikia malalamiko: "Redio hii ni ya bei ndogo, haishiki kitu." Katika somo hili twataka kuonyesha ya kuwa mara nyingi kosa si la redio. Tutaeleza sauti hiyo yatoka wapi, ilifikaje kwetu, na yatupasa tufanye nini ili tuisikie vema. Maana neno lililosikika nusu si habari, ni uvumi tu.

Hayo twayasema kwa kuwa yametupata sisi wenyewe. Jioni moja hapa Sange tulikuwa tumeketi na majirani, redio iko juu ya kinu, nayo betri zake zimechoka. Katikati ya mikwaruzo tulishika maneno machache: "Uvira", "waasi", "imetwaliwa". Mengine yote yalimezwa. Hatukungoja. Tuliwaambia watu yale tuliyoyasikia, na kabla ya usiku wa manane akina mama walikuwa wamejitwika mikeka na sufuria, watoto mgongoni, wakishika njia ya mtoni. Asubuhi tulipata ukweli: msimulizi alikuwa akieleza mambo ya kale, jinsi mji wa Uvira ulivyotwaliwa na waasi mwezi wa Mei mwaka 1964. Hakufa mtu. Lakini mzee mmoja alitwambia, "Mwalimu, sikio lako limetulaza umandeni." Tangu siku ile tuliazimu kujifunza kusikiliza.

1. Sauti yatoka juu

Tarehe 12 Desemba 1901, Mwitalia aitwaye Guglielmo Marconi alikuwa Newfoundland, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Huko alisema amepokea alama iliyopelekwa kwa redio kutoka Poldhu, katika Uingereza. Wataalamu walistaajabu. Dunia ni mviringo, nayo mawimbi ya redio huenda moja kwa moja kama nuru. Yaliwezaje basi kuuzunguka mgongo wa dunia? Mwaka 1902 Arthur Kennelly wa Marekani na Oliver Heaviside wa Uingereza, kila mmoja kwa upande wake, walisema kwamba huko juu angani lazima liwepo tabaka linaloyarudisha mawimbi chini. Mwaka 1924 Edward Appleton alithibitisha jambo hilo kwa majaribio.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kushika. Mawimbi mafupi, ambayo katika redio yetu yameandikwa SW, hupanda juu, hugonga tabaka hilo na kurudi chini mbali sana, kama mpira unaorushwa darini. Mawimbi ya FM hayafanyi hivyo. Huenda moja kwa moja, na mlima ukiwa katikati huyazuia. Sisi tunaoishi bondeni, milima ya Kongo upande wa magharibi na milima ya Burundi upande wa mashariki, twaielewa vizuri tofauti hiyo. Mlima unaoifunga sauti ya mji wa jirani hauwezi kuifunga kabisa sauti inayoshuka kutoka juu.

Tena, mpira huo ukiisha kurushwa huanguka mbali, na katikati hubaki mahali pasipoangukiwa na kitu. Ndiyo sababu kituo cha karibu chaweza kusikika vibaya, na cha mbali kikasikika kama kimo chumbani. Asiyejua hayo huilaumu redio yake bure.

2. Jinsi ilivyofika kwetu

Tarehe 12 Februari 1931 Baba Mtakatifu Pio XI alifungua Radio Vatikano, iliyojengwa na Marconi huyo huyo, akasema na ulimwengu kwa Kilatini. Mwaka 1957 kituo kikubwa zaidi kilifunguliwa Santa Maria di Galeria, karibu na Roma. Kutoka Roma hata Sange ni zaidi ya kilometa 5,000. Huku kwetu, mwaka 1943, wakati wa vita kuu, mtambo wenye nguvu wa mawimbi mafupi uliwekwa Léopoldville, mji uitwao leo Kinshasa, ili Wabelgiji ambao nchi yao ilikuwa imekaliwa na Wajerumani wapate habari za kweli. Kwa hiyo njia ya angani yapitika pande zote mbili: Kongo nayo ilipata kuisemesha Ulaya.

Lakini kusema si kitu pasipo msikilizaji. Redio za siku zile zilikuwa masanduku mazito na ya bei kubwa, nazo zilitaka umeme mwingi. Aliyefikiri juu ya mtu wa kijijini ni Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari katika Rhodesia ya Kaskazini, nchi iitwayo leo Zambia, ambayo inagusa ncha ya kusini ya ziwa letu Tanganyika. Kituo cha Lusaka kilikuwa kikitangaza kwa lugha za Waafrika, lakini Waafrika wachache mno waliweza kununua redio. Franklin akawaomba wenye viwanda watengeneze redio ya bei ndogo, itumiayo betri kavu. Mwaka 1949 ilianza kuuzwa kwa paundi 5. Ilikuwa na umbo la sufuria, nayo ikaitwa redio ya sufuria. Wako waliocheka umbo lake, walakini iliingia katika nyumba nyingi ambamo redio za fahari hazikupata kuingia.

Wakati huohuo, mwezi wa Desemba 1947, wataalamu watatu wa Marekani, John Bardeen, Walter Brattain na William Shockley, walikuwa wamevumbua transista, kitu kidogo kilichochukua mahali pa taa za kioo ndani ya redio. Mwaka 1954 redio ya kwanza ya transista ikauzwa madukani. Toka hapo redio ikawa ya kubebwa mkononi, na betri chache zikatosha kwa siku nyingi. Vituo navyo vikaanza kusema Kiswahili: BBC ya London tarehe 27 Juni 1957, na Deutsche Welle ya Ujerumani tarehe 1 Februari 1963. Mwaka 1965 Wajerumani hao walifungua mitambo ya mawimbi mafupi huko Kigali, ambako kutoka hapa Sange, kama ndege arukavyo, hakufiki kilometa 200.

Mitambo ya Kigali ilinyamaza mwezi wa Machi 2015, baada ya miaka 50. Vituo vingi vya Ulaya vimepunguza matangazo ya mawimbi mafupi, kwa kuwa watu wa mijini wana FM na simu. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002 kwa ajili ya Kongo yetu, ilitumia FM mijini, na mawimbi mafupi pia ili iwafikie watu wa vijijini. Basi leo sauti za masafa ni chache kuliko zamani. Kwa hiyo ustadi wa msikilizaji wahitajiwa zaidi.

3. Namna ya kusikia vema

Kwanza, tuchague wimbi kwa kufuata jua. Mchana jua hujenga tabaka la chini linalonywa mawimbi ya kilohezi chache. Hapo tutafute kilohezi nyingi, yaani meta 25, 19, 16 au 13. Jua likichwa, tabaka hilo hutoweka, nasi tushuke kwenye meta 31, 41 na 49. Tukumbuke hivi: jua likipanda, panda nalo, likishuka, shuka nalo. Anayetaka kujua meta agawanye 300,000 kwa kilohezi: 6,000 ni meta 50, na 15,000 ni meta 20. Tena jua lina majira yake ya miaka kama 11. Lilikuwa tulivu mwishoni mwa 2019, likawa kali katika 2024. Miaka ya ukali wake kilohezi nyingi husikika vizuri zaidi.

Pili, tuchague mahali. Nyumba ya mabati huyafungia mawimbi nje. Tuiweke redio dirishani, au tutoke nayo uani, tunyoshe antena yake yote. Tusogee hatua mbili tatu, kwani mahali padogo hubadili mengi.

Tatu, tuisaidie kwa waya. Waya mwembamba wa shaba wa meta 5 hadi 10 watosha. Tumenye ncha moja, tuizungushe kwenye antena ya redio. Ncha ya pili tuifunge kwa kamba kwenye mti. Tusidhani kwamba mrefu zaidi ni bora zaidi: redio ya bei ndogo ikilishwa mno huvimbiwa, na vituo viwili husikika kwa pamoja. Hapo tuufupishe. Waya usipite kamwe juu au karibu na nyaya za umeme. Na ngurumo ikisikika, hata ikiwa bado iko ng'ambo ya Ruzizi, tuuondoe waya, tukae mbali nao. Hakuna habari ipitayo uhai wa mtu.

Nne, tuzime kelele za jirani. Chaja za simu, taa nyingine za siku hizi na vyombo vya umeme wa jua hutoa mvumo unaoingia redioni. Tuvizime kwa muda ule, au tukae mbali navyo.

Tano, tuangalie betri. Zikichoka, sauti hukwaruza na kituo huhama chenyewe. Tusichanganye mpya na kuukuu. Kuzianika juani huzirudishia nguvu ya kitambo tu. Kuziweka motoni ni hatari, maana zaweza kupasuka.

Sita, tuwe na daftari. Katika redio hizi vituo vimesongamana. Upana wa kidole hubeba vituo vingi. Tuzungushe polepole, na tulipokipata kituo tuweke alama ya kalamu. Kituo kimoja hutangaza mara nyingi kwa namba mbili au tatu kwa wakati mmoja. Ya kwanza ikizama, tujaribu ya pili. Saa zinazotajwa ni za ulimwengu, ziitwazo UTC. Kwetu tuongeze mbili: UTC 16.00 ni saa kumi na mbili jioni hapa Sange. Tena vituo hubadili namba zao mara mbili kwa mwaka, Dominika ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Kituo kikitoweka siku hizo, tusiuze redio. Tutafute namba mpya.

4. Kazi ya sikio

Ndugu wapenzi, wale waliotangulia walitumia akili na miaka mingi ili sauti ya mbali imfikie mtu asiye na mali. Njia yenyewe ya angani haina mlango wala ushuru. Sehemu iliyobaki ni yetu, nayo ni ndogo: saa, mahali, waya, betri, daftari.

Lakini iko kazi moja isiyofanywa na waya. Tukiisha kusikia, tujiulize: tumesikia yote, au tumesikia nusu na kujaza wenyewe nusu ya pili? Habari za vita, za mafuriko au za ugonjwa tuzisikilize wawili au zaidi, na tungoje zirudiwe. Mtu akituuliza neno lililopotea katika mikwaruzo, tuwe na ujasiri wa kujibu, "Hilo sikulisikia vizuri." Laiti tungalisema hivyo jioni ile, majirani zetu wangalilala katika vitanda vyao.

Maswali ya kukumbusha

Kwa nini kituo cha mbali chaweza kusikika vizuri kuliko cha karibu?
Mchana twatafuta meta zipi, na usiku zipi?
Yatupasa kufanya nini ngurumo ikisikika?
Nani katika kijiji chako atasikiliza pamoja nawe, ili neno lisitoke nyumbani mwako likiwa nusu?