Jina Lilibadilika, Sumu Ikabaki: Habari za Ziwa Ontario



Sisi wakaaji wa mashariki ya Kongo, tukisikia maneno «Maziwa Makuu», mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye Tanganyika, Kivu, Edward na Albert. Lakini Amerika ya Kaskazini nayo ina maziwa makuu yake matano, mpakani mwa Kanada na Marekani: Superior, Michigan, Huron, Erie na Ontario. Tulipokuwa tukifundisha jiografia tuliwaonyesha wanafunzi wetu maziwa hayo kama madoa ya buluu kwenye ramani, tukataja majina, tukaendelea na somo. Hatukuwaambia jambo lililo muhimu kuliko majina, yaani kwamba maji hushuka kutoka ziwa moja hadi jingine, na Ontario ndilo la chini kabisa. Kila kitu kilichotupwa juu, humfikia yeye.

Kati ya Erie na Ontario maji hupita katika mto Niagara, penye maporomoko yanayojulikana duniani kote. Mwishoni mwa karne ya 19 watu walianza kutoa umeme katika maporomoko hayo, na umeme wa bei nafuu ukavuta viwanda vya kemia. Sababu yake ni rahisi kueleweka: ukipitisha umeme katika maji ya chumvi, unapata klorini. Na mwenye klorini kwa wingi hutafuta kitu cha kuitengenezea. Kampuni ya Hooker, iliyokuwa kwenye mji wa Niagara Falls, ilitengeneza vitu vingi, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa unga mweupe ambao molekuli yake ina atomi kumi za kaboni na kumi na mbili za klorini.

Unga huo uliuzwa kwa majina mawili. Kwa jina la Mirex ulikuwa dawa ya wadudu. Katika majimbo ya kusini ya Marekani palikuwa na sisimizi wakali waliotoka Amerika ya Kusini, wenye kuuma kama moto. Dawa ilichanganywa na mafuta ya soya na vipande vya magunzi ya mahindi, ikamwagwa kwa ndege juu ya mashamba. Kwa jina la Dechlorane, unga uleule ulitiwa katika plastiki, mpira, rangi na vifaa vya umeme ili visishike moto upesi. Vitu vya namna hii vikipata joto hutoa klorini, nayo huvunja mwendo wa mwali kabla haujasambaa. Watu wengi waliujua kama dawa ya sisimizi, lakini karibu robo tatu ya unga uliotumika ilikwenda katika kazi hii ya pili, ya kuzuia moto.

Mwaka 1974 mwanakemia wa Kanada, Klaus Kaiser, alitoa habari ya kushangaza: samaki wa Ghuba ya Quinte, katika Ziwa Ontario, walikuwa na Mirex mwilini. Mashine ya maabara huchora kila kemikali kama kilima kidogo kwenye karatasi, na kilima cha Mirex kilikuwa kimeonekana tangu zamani, lakini wataalamu walikidhani ni cha sumu nyingine, ile iitwayo PCB. Basi wengine wakajiuliza: dawa ya sisimizi wa kusini imefikaje huku kaskazini, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka mashamba hayo? Haikutoka mashambani hata kidogo. Ilitoka mtoni Niagara, karibu na kiwanda ilikozaliwa, na katika mto Oswego, ambako kiwanda kingine kiliitumia kwa jina lake la pili. Waliokuwa wakipima dawa za wadudu hawakuitafuta ziwani, na waliokuwa wakiuza kizuia moto hawakuiita sumu.

Mwaka 1976 serikali ya jimbo la New York ilikataza watu kuwa na aina kadhaa za samaki wa ziwa hilo. Fikirini maana yake kwa mvuvi: wavu ni wake, samaki ni mzima wa macho, na bado sheria inamkataza kumbeba. Baadaye katazo liliondolewa, yakabaki mashauri juu ya kiasi cha kula. Kufikia mwaka 1978 Mirex ilikuwa imefutwa kama dawa ya wadudu nchini Marekani.

Maji ya Ontario hubadilishwa yote kwa muda wa miaka sita hivi. Mtu angetegemea kwamba baada ya miaka sita ziwa lingekuwa safi. Lakini Mirex haipendi maji. Hupenda mafuta na tope. Ilishuka chini pamoja na matope, wadudu wadogo wakaila, samaki wadogo wakala wadudu, samaki wakubwa wakala wadogo, na kila ngazi ikazidisha kipimo. Mikunga waliokulia ziwani waliposhuka kuelekea bahari kutaga mayai waliibeba mwilini, na nyangumi weupe wa mto Saint Lawrence, wasioingia Ontario kamwe, waliipata kwa kuwala mikunga hao.

Serikali mbili hazikukaa kimya. Zilikuwa zimetia sahihi mapatano juu ya usafi wa maziwa hayo mwaka 1972, na mwaka 1987 ziliahidi kupunguza kwa nusu sumu kadhaa zinazoingia Niagara, Mirex ikiwamo. Maji ya mto huo yakawa yanapimwa mwanzoni na mwishoni, ili ijulikane kila sehemu imeongeza nini. Tunaikubali kazi hiyo; ilizaa matunda. Kasoro yake ilikuwa kwamba sumu zilihukumiwa moja moja, kwa majina.

Kwa maana Dechlorane alikuwa na mdogo wake. Tangu miaka ya 1960 kampuni ileile, mahali palepale, ilitengeneza Dechlorane Plus, ambayo nayo hubeba klorini kumi na mbili. Ndiyo iliyochukua nafasi ya ndugu yake katika mipira ya nyaya za umeme na plastiki za televisheni. Kwa miaka arobaini hivi hakuna aliyeitafuta ziwani. Wakati huo macho ya wataalamu yaligeukia ukoo mwingine, wa bromini, uliotiwa katika magodoro, viti na kompyuta: trauti waliohifadhiwa kwenye barafu walionyesha kwamba kati ya 1980 na 2000 kipimo chake katika samaki kiliongezeka maradufu kila miaka mitatu au minne. Aina mbili za ukoo huo ziliachwa kutengenezwa Marekani mwishoni mwa 2004, na kipimo katika samaki kikaanza kushuka. Kisha, mwaka 2006, Ronald Hites na wenzake wa Chuo Kikuu cha Indiana walitangaza kwamba wameikuta Dechlorane Plus katika hewa, samaki na tope la Maziwa Makuu. Tope hujipanga mwaka juu ya mwaka kama kurasa, nalo lilionyesha kwamba ilikuwamo tangu miongo iliyopita.

Mapatano ya Stockholm, ambayo nchi yetu pia ni mwanachama wake, yaliandika Mirex kati ya sumu kumi na mbili za kwanza mwaka 2001. Dechlorane Plus iliongezwa mwaka 2023, tena kwa ruhusa za muda kwa matumizi fulani. Kati ya ndugu hao wawili ilipita miaka 22.

Twaandika haya tukijua nyaya za zamani huishia wapi kwetu. Televisheni na kompyuta zilizochakaa huletwa kutoka nchi za mbali, na watoto huchoma nyaya zake kando ya barabara ili wapate shaba. Mpira unaoungua una klorini, na moshi wake ni sumu. Majivu hubaki chini, mvua ikinyesha huyapeleka mtoni, na mito yetu mingi ya mashariki huishia ziwani. Tanganyika haibadilishi maji yake kwa miaka sita. Huchukua karne kadhaa.

Na huko New York, mashauri kwa wavuvi wa Ziwa Ontario yameendelea kutaja Mirex kati ya sababu za kupunguza kula samaki wake, miongo mingi baada ya kiwanda kuacha kuitengeneza.