Vikaragosi Vilivyosoma Habari: Kejeli ya Televisheni Kutoka London Hadi Nairobi

Waliokulia Kenya katika miaka ya 1980 wanakumbuka jinsi taarifa ya habari ilivyoanza. Kwanza alitajwa Mtukufu Rais: amefungua nini, amehutubia wapi, ameonya nani. Mengine yote yalingoja zamu. Sauti ya kukwaruza ya Daniel arap Moi iliigizwa pia, lakini nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu waliotoka Chuo Kikuu cha Kenyatta waliufungua mlango huo. Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, waliojiita Redykyulass, walimuigiza Moi kwenye televisheni akiwa bado Ikulu. Watu walicheka kwa kuwa walimtambua papo hapo. Mwigaji asiyesikiliza vizuri hawezi kumchekesha mtu. Hilo ndilo sharti la kwanza la sanaa hii.

Nje ya Afrika, kejeli ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kupata mwili wa mpira. Mwaka 1984, kituo cha ITV cha Uingereza kilianza kuonyesha Spitting Image, kazi ya wachongaji Peter Fluck na Roger Law. Margaret Thatcher alivikwa suti ya kiume. David Steel, kiongozi wa chama cha Liberal, alifanywa kijitu kinachokaa mfukoni mwa mshirika wake David Owen, na baadaye Steel mwenyewe alikiri kwamba picha ile ilimuumiza kisiasa.

Wafaransa waliongeza ufundi mwingine. Mwaka 1988, Canal+ ilianzisha kipindi kilichokuja kuitwa Les Guignols de l'info, ambamo taarifa ya habari yenyewe ndiyo iliyoigizwa. Kikaragosi cha mtangazaji mashuhuri Patrick Poivre d'Arvor kiliketi mezani, kikasoma habari kwa uzito uleule wa mwenyewe. Meza ni ileile, salamu ni zilezile. Kinachopindwa ni yale yanayosemwa. Kadiri msomaji anavyokaza uso, ndivyo mtazamaji anavyozidi kucheka.

Urusi nayo ilipata kipindi cha vikaragosi cha Kukly mwaka 1994, kupitia kituo cha NTV. Mapema mwaka 2000, kipindi hicho kilimchora Vladimir Putin kama kibeti wa hadithi ya mwandishi Hoffmann, ambaye kwa uchawi kila mtu humwona mzuri. Mwaka uliofuata kampuni ya Gazprom, inayodhibitiwa na serikali, iliitwaa NTV. Mwaka 2002 Kukly ilizimwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo Moi aliondoka Ikulu kwa amani, akiwa ameigizwa hadharani kwa miaka kadhaa. Kenya haikubomoka kwa sababu ya kicheko.

Ndipo akaja mchora katuni Gado. Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejiunga na gazeti la Nation la Nairobi mwaka 1992, alivutiwa na vikaragosi vya Wafaransa akaazimia kutengeneza vya kwetu. The XYZ Show ilianza kuonyeshwa na Citizen TV mwaka 2009. Kichwa kilichongwa kwanza kwa udongo, kikatolewa kalibu, kisha mpira ukamiminwa. Mtu mmoja alichezesha mdomo, mwingine aliiga sauti. Habari zilisomwa na Keff Joinange, jina lililopindwa la mtangazaji maarufu, ambalo hakuna Mkenya aliyehitaji kufafanuliwa.

Wakati wenyewe ulikuwa mgumu. Ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 zilikuwa zimeua zaidi ya watu 1,100, na Mwai Kibaki na Raila Odinga walikuwa wakigawana serikali ya mseto. Katika nchi ambako kumkosoa kiongozi kulionekana kama kulitukana kabila lake, XYZ iliwaweka wakubwa wote kwenye studio moja na kuwacheka wote sawasawa. Kwangu mimi, huo ulikuwa mchango wake mkubwa kuliko utani wowote.

Leo kijana yeyote mwenye simu anaweza kumuigiza waziri kabla ya chakula cha mchana. Nawasihi vijana hao wajifunze kazi hii kwa waliotangulia: wasikilize kwanza, waige kwa usahihi, wasimbague mtu kwa kabila. Na wenye madaraka wawaache wafanye kazi. Kiongozi anayeogopa kikaragosi cha mpira ana jambo analolificha kwa wananchi.