Taa ya Kukuzia Mimea

Taa ya kukuzia mimea ni taa ya umeme inayotoa mwanga wa kuiwezesha mimea kujitengenezea chakula mahali pasipofikiwa na jua la kutosha. Mwanga unaofaa una mawimbi ya nanomita 400 hadi 700, hasa mwekundu na wa buluu. Aina kuu ni taa za mirija, za mvuke wa sodiamu na za LED. Ufanisi hupimwa kwa mikromoli za fotoni kwa kila juli ya umeme, si kwa wati pekee.

Karibu umeme wote unaotumika huishia kuwa joto chumbani. Taa ya sodiamu hutupa joto jingi kwenye majani, hivyo huning'inizwa juu zaidi; LED hupoozwa kwa bapa la alumini lililo nyuma yake, pengine na feni. Chumba kilichofungwa huhitaji kipitisha hewa au kiyoyozi.

Si kila mahali huhitaji taa hizi shambani: kwa mfano, Makebuko, mkoani Gitega, Burundi, iko karibu na ikweta. Mchana wake hukaribia saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo mazao ya shambani hayahitaji taa hizi. Katika ukanda huu hutumika zaidi kwenye maabara za kuzalisha miche ya viazi na migomba, ambako kwa kawaida huwashwa saa 16 kwa siku.