Kusitiri maswali ya DNS kwenye tarakilishi kuukuu ya Linux

KILA mara mtu anapoandika jina la tovuti, tarakilishi yake huuliza seva ya majina, yaani DNS, nambari ya anwani ya tovuti hiyo. Mfumo huu, uliobuniwa na Paul Mockapetris mwaka wa 1983, kwa kawaida hutuma swali likiwa wazi kupitia mlango nambari 53.

Hivyo basi, kampuni inayouza huduma ya intaneti, au mjuzi anayechungulia Wi-Fi ya mkahawani, huweza kulisoma kama barua isiyo na bahasha. Mgonjwa anayetafuta habari kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi huwa ameanika siri yake kabla hata ukurasa haujafunguka.

Kanuni za kuficha maswali hayo ndani ya TLS zilichapishwa mwaka wa 2016, na zile za HTTPS mwaka wa 2018. Tatizo ni mifumo iliyotangulia. Ubuntu 18.04, ambayo muda wake wa kawaida wa kuhudumiwa ulikwisha mwaka wa 2023, ilitolewa na systemd toleo la 237, ilhali uwezo huo uliingia katika toleo la 239. Mtumiaji akiongeza agizo la "DNSOverTLS" kwenye faili ya mipangilio, mfumo hulipuuza na kuendelea na kazi. Hilo ndilo la kuhofiwa zaidi: mtu hudhani amejisitiri, kumbe maswali yake yangali yanatoka uchi.

Dawa iliyopo ni programu ya bure ya dnscrypt-proxy. Haihitaji maktaba mpya za mfumo, na hutolewa pia kwa mashine za biti 32. Baada ya kuifungua, faili ya mfano ya mipangilio hunakiliwa kwa jina "dnscrypt-proxy.toml", kisha seva huchaguliwa katika mstari wa "server_names", kwa mfano "quad9-dnscrypt-ip4-filter-pri".

Inafaa programu ijaribiwe kwanza kwa mamlaka ya msimamizi, na katika dirisha jingine kuandikwe "./dnscrypt-proxy -resolve example.com". Jibu likipatikana, huwekwa kuwa huduma ya kudumu kwa "-service install" na kuanzishwa kwa "-service start". Hapo ndipo systemd-resolved huzimwa. Katika Ubuntu 18.04, "/etc/resolv.conf" ni kiungo tu, huondolewa na kuandikwa faili halisi yenye mstari "nameserver 127.0.0.1". NetworkManager nayo huambiwa "dns=none" chini ya "[main]", la sivyo huenda ikaandika upya faili hiyo.

Mtego mkubwa katika mashine kuukuu ni saa. Betri ndogo ya ubao mkuu ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi kila umeme unapopotea. Vyeti vya seva huonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika, navyo hukataliwa. Na tarakilishi haiwezi kurekebisha saa kwa sababu haiwezi kupata anwani ya seva ya saa. Betri mpya ndiyo suluhisho la kweli. Kwa muda, "cert_ignore_timestamp" ikiwekwa "true", programu huacha kukagua muda wa vyeti vya DNSCrypt hadi iunganike kwa mara ya kwanza.

Ili kuhakikisha, huendeshwa "tcpdump -n port 53" kwenye kiungo cha mtandao wa nje, huku kurasa kadhaa zikifunguliwa. Kukiwa kimya, kazi imefaulu.

Hata hivyo, kampuni ya intaneti bado huona nambari za anwani zinazotembelewa, na mara nyingi jina la tovuti lenyewe mwanzoni mwa mawasiliano ya HTTPS. Maswali nayo sasa yako mikononi mwa mwenye seva. Quad9, kwa mfano, ni shirika lisilo la kibiashara lililohamishia makao yake Uswizi mwaka wa 2021.