Tanga, Mnara na Kioo: Habari na Jamaa katika Ziwa la Bukoba na Muleba

Kiswahili hutumia neno moja, chombo, kwa mashua iendayo majini na kwa kitu kipashacho watu habari. Mkaaji wa Dodoma au Iringa aweza kulipita neno hilo bila kulitazama mara mbili. Lakini kwa mtu wa Bukoba au Muleba vyombo hivi viwili vimefuatana tangu karne ya kumi na tisa, na kila kimoja kimembadilisha mwenzake. Siku hizi wazazi wengi hulalamika kwamba simu ya mkononi imeingia hata ndani ya mashua, na kwamba watoto wavukao ziwa pamoja na wazee wao hawatazami tena maji wala hawasikii wanaloambiwa, kwa kuwa wameinamia kioo. Lalamiko hilo lina haki yake, ila husemwa kana kwamba jambo lenyewe halina historia. Insha hii yakusudia kuonyesha kwamba pwani ya magharibi ya Ziwa Viktoria imekwisha kupitia mabadiliko ya namna hii mara kadhaa, na kwamba yana fundisho moja: mazungumzo ya jamaa, chomboni na nyumbani, yalilindwa zamani na uhaba wa habari. Uhaba ukiisha, hapana budi kanuni ikae mahali pake.

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na katika Afrika hakuna ziwa kubwa kuliko hilo. Mbele ya Bukoba na Muleba vimetawanyika visiwa, vingine karibu na bara na vingine mbali sana: Bumbire, Ikuza, Kerebe, Goziba. Watu wa ziwa walisafiri kwa mitumbwi iliyosukumwa kwa makasia. Tanga lilienea pamoja na wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliofika huku katika karne ya kumi na tisa. Tanga lilimfunga msafiri na upepo, ambao usiku hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukaja pwani. Jamaa waliobaki nyumbani hawakuwa na njia ya kumfikia aliye majini ila maombi. Kwa Wahaya ziwa na dhoruba vilikuwa mikononi mwa Mugasha, na huyo ndiye aliyeombwa. Jioni nyumbani, watu walikusanyika kumsikiliza mtambaji akiimba habari za mashujaa kwa ala ya nyuzi iitwayo enanga. Msemaji alikuwa mmoja, wasikilizaji wengi, na wakati wa kusikiliza ulikuwa mmoja kwa wote. Naomba msomaji aliweke jambo hilo moyoni, maana tutalirudia.

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa katika mashua iliyoitwa Lady Alice, ambayo wapagazi waliibeba vipande vipande kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Safari yake iligharimiwa na magazeti mawili, Daily Telegraph la London na New York Herald, hata twaweza kuiita mashua ile chombo cha habari kwa maana zote mbili za neno. Katika Aprili alifika Bumbire akitafuta chakula. Wenyeji waliikokota mashua hadi nchi kavu wakawanyang'anya mabaharia makasia. Naye akaponyoka kwa nguvu ya bunduki. Agosti akarudi na kundi kubwa la mitumbwi, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni, hali yeye mwenyewe yuko majini. Barua zake zilichapwa magazetini, na mwaka 1876 zikazusha ubishi mkali Uingereza, maana wako waliomlaumu kwa kumwaga damu bila sababu ya kutosha. Lakini katika ubishi huo watu wa Bumbire walijulikana kwa kalamu ya yule yule aliyewapiga risasi.

Kuna jambo jingine katika safari ile lililo la nyumbani zaidi. Mashua ilipewa jina la mchumba wa Stanley, Alice Pike. Bibi huyo aliolewa na mtu mwingine Januari 1876, naye Stanley akaendelea kusafiri katika jina lake zaidi ya mwaka mzima asijue lolote, hata alipofika mwisho wa safari mwaka 1877. Tazama basi mpaka wa habari za wakati ule: mashua iliweza kupeleka habari za Bumbire hadi London, wala haikuweza kumpa mwenyewe habari za jamaa yake. Anayeusifu ukimya wa zamani na akumbuke kwamba ukimya ule ulikuwa pia ujinga wa mambo ya watu tuwapendao.

Mji wa Bukoba ulianzishwa kuwa kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwaka 1890. Baadaye walisimamisha hapo mnara wa simu ya upepo, na kwa mara ya kwanza neno likaweza kuruka juu ya ziwa bila tanga wala kasia. Thamani ya mnara ule yaonekana katika vita vya kwanza vya dunia. Tarehe 22 na 23 Juni 1915 majeshi ya Waingereza, yaliyopakiwa melini huko Kisumu, yaliushambulia mji. Na shabaha yao kubwa ilikuwa mnara huo. Waliulipua na kuuangusha, wakaiharibu ngome, mji ukaporwa, kisha wakapanda meli zao wakaenda zao. Kwa wenyeji, mnara ule ulikuwa kitu kilichosema juu ya vichwa vyao. Waliuona ulipojengwa, waliuona ulipoanguka, na nyumba zao ziliingia hatarini kwa ajili yake. Lakini hakuna mama wa Kihaya aliyepata kumsikia mwanawe kwa njia ya mnara huo.

Chombo kilichowafikia wenyeji kilikuwa barua. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, mwaka 1901, na stima kama Winifred na Sybil zikaanza kuzunguka bandari za ziwa zikichukua abiria, kahawa na mifuko ya barua. Hata meli ya Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilibeba mbele ya jina lake herufi za kuonyesha kwamba ni meli ya barua ya kifalme. Barua ilikuja kwa siku ya meli. Na kwa kuwa wasomi walikuwa wachache, aghalabu ilisomwa kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza. Kwa hiyo barua, ijapokuwa iliandikwa na mtu mmoja kwa mtu mmoja, iliingia nyumbani ikawa mali ya nyumba.

Redio ilifuata njia hiyo hiyo. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Betri zilikuwa ghali, basi redio ilifunguliwa kwa saa ya taarifa ya habari, ikafungwa. Aliyekuwa na redio alikuwa na majirani sebuleni. Serikali ilielewa nguvu ya desturi hiyo, ikaitumia kuwaelimisha watu wazima kwa vikundi vya kusikiliza: Wakati wa Furaha mwaka 1971, Mtu ni Afya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai mwaka 1975. Kampeni ya Mtu ni Afya pekee ilikusanya watu wapatao milioni 2 nchini. Walisikiliza pamoja, kisha wakajadili pamoja waliyoyasikia. Na majadiliano hayo ndiyo yaliyokuwa moyo wa jambo lenyewe. Na majeshi ya Idi Amin yalipoivamia nchi mwaka 1978, Rais Nyerere alitangaza tarehe 2 Novemba kwamba Tanzania itampiga. Watu wa mkoa huu, ambao vita ilikuwa mlangoni pao, waliisikia sauti ile kwa saa moja na nchi nzima.

Luninga ilichelewa. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake mpaka mwaka 1994, na visiwani, pasipo umeme wa gridi, kioo kiliingia kwa mlango wa vibanda vya video. Jenereta, kifaa kimoja, mabenchi, na kiingilio kidogo: hivyo ndivyo wavuvi wa dagaa walivyopoteza mchana wakingoja usiku wa karabai. Filamu nyingi za kigeni zilisimuliwa kwa Kiswahili na mtu aliyeweka sauti yake juu ya sauti ya wachezaji, akieleza, akitania, akionya. Wako waliokidharau kibanda cha video, na kweli kilikuwa na machafu yake. Lakini mtafiti wa fasihi hawezi kukosa kuona kwamba msimulizi yule ni jamaa wa mbali wa mpiga enanga: msemaji mmoja, wasikilizaji wengi, wakati mmoja.

Mfululizo huo umekatika kwa simu yenye intaneti. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ili minara ifike mahali ambapo biashara peke yake isingeipeleka. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM wa chini ya bahari ukafika Dar es Salaam. Na nishati ya jua imewezesha simu kupata umeme hata pasipo na nguzo. Faida yake haina haja ya kutetewa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu, simu ya mkononi ilikuwa haijaenea, na jamaa wengi walingoja kwa uchungu kujua nani amekufa na nani amepona. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba ikiwa na watu 43, ambao 19 kati yao walikufa, nchi nzima iliona picha asubuhi ile ile. Wavuvi, kwa mitumbwi yao, ndio waliotangulia kufika kuokoa. Aidha, kuanzia mwaka 2017 mradi wa HIGHWAY, ulioongozwa na Shirika la Hali ya Hewa Duniani, uliendeleza utabiri wa hali ya ziwa kwa ajili ya wavuvi na wasafiri. Neno moja la onyo lifikapo kabla ya dhoruba lina thamani kuliko maombi mengi yafuatayo baada yake.

Hasara basi i wapi? Kwa maoni yetu, haimo katika kioo chenyewe, wala katika wingi wa habari. Imo katika kupotea kwa wakati mmoja. Barua ilikuwa na siku ya meli, redio ilikuwa na saa ya taarifa na bei ya betri, kibanda cha video kilikuwa na jenereta. Uhaba ndio uliopanga ratiba, na ratiba ndiyo iliyowaketisha watu pamoja. Simu haina siku wala saa, na kila mmoja anayo yake. Watu watano wakiwa katika mashua moja waweza kuwa katika miji mitano. Na chomboni jambo hili ni zito kuliko nyumbani, kwa sababu chombo huendeshwa kwa macho na masikio. Mtoto wa ziwa alijifunza kusoma wingu, rangi ya maji na mlio wa tanga kwa kukaa karibu na mtu aliyevisoma, bila darasa. Elimu hiyo haimo simuni, wala hakuna utabiri utakaomfundisha mtu kuirudisha mashua pwani.

Atasema mtu kwamba kijana wa Goziba hana maktaba ila simu, na kumnyang'anya ni kumrudisha katika ujinga. Ni kweli, nasi hatusemi anyang'anywe. Twasema kwamba kazi iliyofanywa zamani na uhaba sasa yapasa ifanywe na wazee kwa hiari. Chomboni, simu ya nahodha na iwe wazi kwa ajili ya hali ya hewa na msaada, na za abiria zikae mfukoni mpaka nanga itie. Nyumbani, iwepo saa moja ambapo simu moja yatosha watu wote: habari isomwe kwa sauti kama barua, kisha ijadiliwe kama walivyojadili wale wa mwaka 1973. Na mzazi aitoaye kanuni hiyo awe wa kwanza kuishika, maana mtoto huiga jicho la mzazi kabla ya neno lake.

Mwaka 1876 watu wa Bumbire walisemwa katika magazeti ya dunia wasiweze kujibu. Leo mtoto wa kisiwa hicho aweza kujibu kwa kidole kimoja. Lakini jibu lenye maana hutoka kwa mtu aliyeyasikia ya kwao kwanza. Naye hayasikii mahali pengine ila kwa jamaa zake, chomboni na nyumbani, wakati vioo vimewekwa chini.